Vitunguu Saumu Vilivyonyolewa

Ungepita nyuma ya nyumba yake saa nne za asubuhi, baada ya mavuno, ungemkuta amekaa kwenye kigoda, gunia limetandikwa miguuni, wembe mkononi, ananyoa vitunguu saumu. Anakishika kitunguu shingoni, anakigeuza matako juu, anapitisha wembe mara moja tu, na ile mizizi iliyojikunja kama ndevu za mzee inaanguka pamoja na udongo wake. Kisha anabandua ganda la nje lililochafuka, anakipangusa kwa kitambaa na kukiweka kando. Kinabaki kitu cheupe ambacho ungeweza kukiweka juu ya shuka ya mgonjwa na muuguzi asikugombeze. Basi watu wakamwita Bi Wembe. Wale waliowahi kuonja ulimi wake walisema jina lilimfaa hata kabla hajanunua wembe wenyewe.

Tabia hiyo hakuirithi kwa mtu. Ujana wake aliumalizia katika jiko la chuo cha ualimu, ng'ambo ya daraja, akimenya vitunguu kwa ajili ya wanafunzi mia sita. Miaka minane ya machozi bila msiba, ndivyo alivyopenda kusema. Huko alijifunza jambo ambalo wakulima wengi hawalijui, kwa sababu hawajawahi kusimama mbele ya sufuria ya watu mia sita: mchanga wa mizizi huingia kwenye chakula, na anayetafuna mchanga hamtukani mkulima, humtukana mpishi. Alipoolewa na kupewa nusu ekari ya mteremko, akapanda vitunguu saumu, na tangu gunia la kwanza akavinyoa. Mpishi mkuu wa chuo akavipenda, na kwa miaka ishirini na sita hakununua kwa mwingine. Mume alikufa. Binti alikua, akaolewa, akafungua chumba cha ushonaji mjini. Nusu ekari ilibaki ileile na jiko likabaki lilelile, na kati ya vitu viwili hivyo Bi Wembe alipata chakula chake na heshima yake.

Kisha serikali ikaleta alama.

Wazo lenyewe halikuwa baya, na ni haki hilo lisemwe kabla ya kuanza kuwasema watu. Vitunguu saumu vya nje vilikuwa vimejaa masokoni, vikubwa, vya bei ya kutupa, harufu yake kama ya maji ya bomba. Mkulima wa hapa alikuwa anaoza na mazao yake. Ikaamuliwa kwamba zao lililolimwa hapa lipewe stika ya kijani yenye jani na maneno "Limelimwa Hapa," na kwamba kila jiko linalolishwa kwa fedha ya umma, la chuo, la hospitali au la jela, lisinunue kitu kisicho na stika hiyo. Mkaguzi afike shambani mara mbili, zao likiwa limesimama na siku ya kung'oa. Aone kwa macho yake, apime kwa hatua zake, ndipo aandike. Ni sheria nzuri. Lakini sheria nzuri ikikabidhiwa mtu asiyependa kuchafua viatu, imekwisha kufa. Kilichobaki ni kuizika.

Bwana Shamba wa pale alikuwa mtu wa aina hiyo. Alikuwa na viatu vyeusi vya ncha, navyo alivipangusa kwa nyuma ya suruali, mguu mmoja halafu mwingine, kama kuku anayejikuna. Pikipiki ya ofisi ilifunikwa turubai tangu ilipoletwa. Haikuwa na mafuta. Ilipokuwa na mafuta, kulikuwa na mvua, na mvua ilipokatika, kulikuwa na vumbi. Mtu huyu aliitwa Bwana Shamba kwa miaka kumi na tisa, na kama ungemwambia akuoneshe shamba angekuonesha lile lililochorwa kwenye kalenda iliyo ukutani.

Badala ya kwenda kwa wakulima, aliamuru wakulima waje kwake. Kila anayeomba alama alete vitunguu thelathini kwenye trei yenye namba. Mwongozo ulitaka trei zihifadhiwe mwezi mzima kama ushahidi, nazo zilihifadhiwa kwenye rafu nyuma ya kiti chake. Ila ajabu ni kwamba ushahidi ulikuwa unapungua. Trei iliyoingia na vitunguu thelathini ilifikia mwisho wa mwezi ikiwa na ishirini, kumi na minane. Nyumbani kwa Bwana Shamba nako kulikuwa na sufuria.

Na alivikagua vipi? Hapo ndipo penye aibu yenyewe. Miaka mitatu ya chuo cha kilimo ilikuwa imemwagika kichwani mwake kama maji kwenye pakacha, na kilichobaki ni jambo moja aliloambiwa na kuli wa sokoni: vya nje huja vimekatwa mizizi kiwandani, vya kwetu huja na ndevu zake. Kuli hakukosea. Alichokosea ni kudhani kwamba anayemwambia ana akili ya kuongeza juu yake. Bwana Shamba aliikamata kauli ile kama mlevi anavyokamata nguzo. Chenye ndevu, cha hapa. Kisicho na ndevu, cha nje. Aligonga muhuri wake huku anakunywa chai.

Bi Wembe hakulijua hilo. Angeweza kulijua kama angemuuliza jirani yeyote, lakini hakuwa mtu wa kuuliza majirani. Usafi nao una kiburi chake, na yeye alikuwa nacho cha kutosha. Alichagua vitunguu thelathini kutoka kwenye mafungu yaliyoning'inia darini miezi miwili, akavinyoa upya, akavipangusa mara mbili. Alijiambia kwamba kama jiko la chuo linastahili usafi, serikali inastahili zaidi. Akavipeleka ofisini vimelala kwenye trei kama mayai.

Bwana Shamba aliweka chini kikombe cha chai, akavitazama.

"Mama, hivi umevitoa wapi?"

"Shambani kwangu."

"Shamba lako liko wapi? Bandarini?"

Karani, mwanamke mwenye miwani aliyekaa mezani karibu na mlango, akainamisha uso kwenye daftari asionekane anacheka.

"Bwana Shamba, sema unachotaka kusema. Mafumbo sina muda nayo."

"Nasema hivi vimepanda meli." Akakigeuza kimoja. "Tazama matako yake. Kimenyolewa. Cha kwetu kina ndevu, hata mtoto mdogo anajua."

"Nimekinyoa mimi. Kwa wembe huu." Akautoa kwenye pochi, umefungwa kwa karatasi.

"Kila tunayemkamata ana wembe wake, mama."

"Basi twende ukaone shamba. Kwa miguu ni dakika arobaini. Kwa pikipiki yako ile iliyolala hapo, ni dakika kumi."

"Haina mafuta."

"Na miguu yako haina nini?"

Karani alicheka, safari hii bila kujificha. Bwana Shamba alivuta fomu, akagonga muhuri mwekundu wa "Imekataliwa," na chini yake akaandika kwa mwandiko mzuri sana, "Asili ya nje." Akaiweka trei kwenye rafu pamoja na nyingine.

Hukumu hiyo ilikuwa na maana moja tu. Chuo kilikuwa kinafungua Jumatatu ya pili kutoka siku ile, na kuanzia siku hiyo jiko lisingepokea hata punje moja isiyo na stika. Nusu ekari ile haikuwa na mteja mwingine wa magunia. Bi Wembe alikuwa na siku kumi.

Aliyekuja kumpa pole alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Huyu alikuwa amepata alama tangu siku ya kwanza, yeye na kikundi chake cha wakulima wanawake, ambacho alikuwa mwenyekiti wake, mweka hazina wake, na kwa kweli wanachama wake wote. Wale kumi na mmoja wengine walitoa majina yao na vitambulisho, wakaambiwa watapigiwa simu. Shamba hakuwa nalo. Zao la mwisho alilopanda kwa mkono wake lilikuwa ua kwenye kopo la rangi, nalo lilikufa kwa kiu. Alichokuwa nacho ni stoo nyuma ya nyumba, na lori lililokuja kila baada ya wiki mbili.

"Wifi yangu, nimesikia. Pole. Lakini na wewe, nani alikutuma unyoe? Serikali inataka uchafu, wewe unaipelekea usafi!"

"Na wewe umeipelekea nini? Shamba huna."

"Nina kikundi."

"Kikundi hakioti mizizi."

"Mdomo huo ndio uliomuua kaka yangu."

"Kaka yako aliuliwa na chupa, na nusu ya chupa hizo ulimnunulia wewe. Kaa, nikuletee maji."

Wifi akakaa, maana maneno ya namna hiyo baina yao yalikuwa ndiyo salamu. Akaanza kusimulia jinsi stika zinavyobandikwa, jinsi zinavyong'aa, jinsi madereva wanavyomwita "mama mkurugenzi." Bi Wembe alikuwa anamsikiliza nusu. Macho yake yalikuwa kwenye lile rundo la mizizi iliyonyolewa, na akakumbuka kwamba majuma matatu nyuma wifi alikuja akaomba mfuko mzima wa takataka hizo, eti anataka kuwatandikia kuku.

"Kuku wako hawajambo?" akauliza.

"Kuku gani?" wifi akasema. Kisha akakumbuka. "Aa, kuku! Wazima kabisa. Wanataga."

Bi Wembe akainuka. Alimsindikiza mpaka barabarani, kama adabu inavyotaka, na aliporudi aliketi kwenye kigoda akacheka peke yake, kicheko kifupi kisicho na furaha. Mtu anaweza kuwa mwizi na bado akawa na akili. Wifi yake hata akili hiyo hakuwa nayo.

Asubuhi iliyofuata alikwenda ofisini na beseni la plastiki. Akakaa kwenye benchi la korido. Kila mkulima aliyeingia na trei alimuuliza analo shauri gani na beseni, naye alimweleza yote kwa sauti ya kusikika ndani, tangu pikipiki mpaka rafu inayopungua. Alifanya hivyo siku ya kwanza. Akafanya siku ya pili. Siku ya tatu, saa tatu za asubuhi, Bwana Shamba akafungua mlango mwenyewe.

"Mama, unataka nini hasa?"

"Maji. Vitunguu vilivyopanda meli vingi vimetiwa dawa visichipue. Weka vyangu majini, matako tu yaguse. Weka na vya wifi yangu, vile ulivyovipa alama. Siku nne, tano. Chenye uhai kitatoa mizizi. Kisichotoa, ujue kilikotoka."

"Mwongozo hausemi maji."

"Mwongozo unasema uende shambani. Chagua moja."

Pale koridoni walikuwa wakulima wanne na trei zao, na wote walikuwa wametega masikio. Bwana Shamba akaona kukataa kutamletea maneno, na kukubali hakutamletea lolote, kwa sababu vitunguu vya yule mwenyekiti alivikagua kwa macho yake, vina ndevu za kufaa kusukwa. Akamwamuru karani alete maji.

Karani akamimina. Vitunguu vya Bi Wembe vikawekwa upande mmoja wa beseni, vya wifi upande mwingine. Watu wakasimama kuzunguka meza, kama wanaotazama mtu akipigwa sindano. Dakika kumi hazikuwa na jambo. Robo saa ikapita, na maji upande wa wifi yakaanza kuwa meupe. Kisha ndevu moja ikaachia, ikaelea. Ikafuata ya pili. Kabla ya nusu saa beseni lilikuwa kama sakafu ya kinyozi, na vile vitunguu vyenye alama ya serikali vilikuwa vimekaa majini na matako laini, yaliyokatwa kwa mashine, kila kimoja sawasawa na mwenzake.

"Lo! Vinaota au vinanyonyoka?" akauliza mkulima mmoja.

"Bwana Shamba, vyako vimeshikwa na upara!"

Mzee mmoja akachovya kidole, akanusa. "Hii gundi ya unga wa ngano. Ile wanayobandikia karatasi watoto wa shule."

Bi Wembe aliokota shungi moja la mizizi, akaliweka kwenye kiganja. Sehemu ya juu ilikuwa imekatwa kwa mkato mmoja, mwembamba, wa kulala kidogo kushoto, kwa sababu yeye alishika wembe kwa mkono wa kushoto.

"Ndevu hizi nazijua," akasema. "Nimezinyoa mwenyewe."

Walicheka mpaka trei moja ikaanguka. Mtu mwenye haya angecheka nao, halafu angechukua kalamu akarekebisha kosa lake, na kijiji kizima kingemsamehe kabla ya jua kutua. Bwana Shamba alisema, "Ofisi imefungwa kwa chakula cha mchana." Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Alipowatoa watu wote akamwomba Bi Wembe abaki, akamvutia kiti chenye mto, kile cha wageni kutoka mkoani. Akapangusa kiatu cha kulia, akapangusa cha kushoto.

"Mama, tusaidiane."

"Tusaidiane nini? Futa yake, andika yangu."

"Yake imekwisha kwenda mkoani. Nimeandika nimefika shambani mara mbili. Nimeandika ekari kumi na mbili. Nikiifuta, nimejifuta mimi." Akashusha sauti. "Lakini wewe una shamba. Ingia kwenye kikundi cha wifi yako. Utie saini tu kwamba shamba lako ndilo la kikundi. Zile ekari zitapata pa kukaa. Nakupa stika leo hii, bunda zima, na jiko lako la chuo halipotei."

"Nusu ekari yangu, Bwana Shamba, itatoa magunia mangapi kwenye karatasi yako?"

"Mia mbili."

"Kwa mwaka?"

"Kwa msimu."

Bi Wembe alikuwa akimdharau mtu huyu kwa uvivu wake, na uvivu, pamoja na ubaya wake, ni kasoro ya mwili. Sasa aliona kwamba ndani ya uvivu huo kulikuwa na kitu kingine kilichonona kwa kulala.

"Nitakujibu Ijumaa," akasema.

Kusema kwamba hakushawishika kungekuwa uongo. Alikwenda moja kwa moja mpaka chuoni kumwona mpishi mkuu, mtu mnene mwenye moyo mwembamba, aliyekuwa anahesabu vijiko kwenye droo.

"Dada yangu, mimi ni mtu wa amri," mpishi akasema. "Ningekuwa na uwezo, ningenunua kwako mpaka nizikwe. Vile vya wifi yako tumejaribu sampuli. Havina harufu. Unakaanga, unakaanga, ni kama unakaanga karatasi."

"Basi waambie wakubwa hivyo."

"Harufu siyo kigezo kwenye mwongozo, dada. Tia hiyo saini. Nani atakuja kupima?"

Hapo Bi Wembe akaona jinsi mambo yanavyojengwa. Huyu anajua, yule anajua, karani anajua, wakulima wanne wameona kwa macho yao; na kila mmoja ameshikilia kijipande chake cha uongo, kidogo kiasi cha kutosha kukificha mfukoni, na anajiona mwema kwa sababu kipande chake ni kidogo.

Nyumbani alimkuta binti yake, ambaye habari ilikuwa imemfikia mjini akafunga cherehani zake.

"Mama, tia saini."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Vitunguu vyako ni vya kweli. Stika ikikaa juu ya vyako itakuwa inasema kweli. Unadanganya wapi?"

"Na ikikaa juu ya vya shangazi yako?"

"Hivyo ni vyake."

"Hapana, mwanangu. Vitakuwa vyangu. Magunia mia mbili hayana shamba. Saini yangu ndiyo itakayoyalima."

"Mama, kila mtu anafanya."

"Nzi nao ni wengi chooni. Umewahi kuwafuata?"

Binti aliinuka akawasha moto wa jiko, si kwa kukubali. Alikuwa na watoto wawili na kodi ya chumba, na alijua kwamba mama asiyekuwa na jiko la chuo atakuwa mama wa kulishwa. Bi Wembe naye alilijua hilo. Walipika, wakala, wakaongea habari za mkwe na za watoto, na neno la saini lilikaa katikati yao kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha.

Ijumaa, kabla hajatoka nyumbani, aliona watu wawili wanapanda mteremko. Wa mbele alikuwa Bwana Shamba, na alikuwa amevaa mifuko ya nailoni juu ya viatu, imefungwa kwa kamba kwenye vifundo vya miguu. Nyuma yake wifi, anahema. Mkaguzi kutoka mkoani alikuwa ametoa taarifa kwamba atakuja wiki ijayo. Hofu ilikuwa imefanya kile ambacho mshahara wa miaka kumi na tisa ulishindwa kufanya: imemfikisha Bwana Shamba shambani.

"Nimekuletea mwenyewe," akasema, na akaonesha bunda la stika za kijani na fomu ndani ya bahasha.

"Karibu. Umefika, sasa pima."

"Mama, hatuna haja ya..."

"Pima. Hatua zako mwenyewe. Nitatia saini chochote utakachokiona."

Wifi akamkonyeza Bwana Shamba amfuatishe, kama mtu anavyombembeleza mgonjwa. Akaanza kutembea kandokando ya matuta, mifuko ikilia chwakachwaka, mikono imenyanyuliwa kidogo kama anavuka mto. Bi Wembe alitembea nyuma yake anahesabu kwa sauti. Walipomaliza kuzunguka, mtu wa kilimo alikuwa anatweta, na kwa dakika moja sura yake ilibadilika akatazama matuta yaliyonyooka, mifereji iliyosafishwa, samadi iliyorundikwa tayari kwa kupanda.

"Kumbe ni zuri," akasema.

"Ni ekari ngapi?"

"Nusu."

"Lilitoa kitunguu gani?"

"Cha hapa."

"Andika hivyo. Nusu ekari, cha hapa, mali yangu. Nipe kalamu nitie saini."

Kalamu ilikuwa mfukoni mwake, inaonekana. Alikuwa ameona kwa macho, amepima kwa hatua. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alikuwa amefanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na kilichobaki kilikuwa maneno manne. Mkono ukapanda mpaka mfukoni. Ukashuka.

"Siwezi, mama. Nitakuwa nimeandika karatasi mbili zinazopigana."

"Basi moja itashinda. Unaogopa ipi?"

"Achana naye!" wifi akapasuka. "Tangu aolewe kwetu ndivyo alivyo. Anajiona yeye peke yake ndiye aliyeoga. Wewe, utakufa na kiburi chako!"

"Nitakufa nacho, wifi. Lakini hutakikuta na stika."

Waliteremka. Katikati ya njia mfuko mmoja wa nailoni ulipasuka, na Bwana Shamba akasimama kwa mguu mmoja, ameshikilia bega la wifi, anapangusa kiatu.

Saini waliipata, tena siku hiyohiyo. Jirani wa bondeni, mwenye robo ekari ya magugu, aliitia akiwa amesimama mlangoni, hakusoma, hakuuliza, na baadaye alilalamika kila mahali kwamba hakupewa hata soda. Mkaguzi wa mkoa alikuja, akavutiwa kiti chenye mto, akasoma karatasi, akakuta zinakubaliana. Karani mwenye miwani ndiye aliyekuja kumwambia Bi Wembe kwamba vile vitunguu vyake vilivyoachwa kwenye beseni vilitoa mizizi siku ya tano, myeupe, mingi, mirefu kama kidole, na Bwana Shamba akaamuru vimwagwe kabla mgeni hajafika. Alimwambia kwa huruma. Bi Wembe alimuuliza kama alimwambia na mkaguzi wa mkoa. Karani akasema yeye ana watoto.

Lori la wifi lilikuwa limekwisha kuingia chuoni tangu Jumatatu, magunia yote yana jani la kijani.

Bi Wembe alipanda matuta kumi badala ya thelathini, na mengine akayatia maharage. Vitunguu vilivyobaki darini alivipeleka sokoni, kwenye turubai chini, baina ya muuza kamba na muuza sabuni. Watu walisimama, wakavishika, wakavisifu kwa weupe, kisha wakauliza, "Mbona havina alama?" Hakuwaeleza. Alisema, "Nusa." Wengine walinusa wakanunua viwili. Wengi waliona stika ni rahisi kuliko pua, wakavuka kwenda upande wa pili.

Wiki ya tatu binti yake alikuja kukaa naye, na bado walikuwa hawajaongea vizuri tangu siku ile. Adhuhuri akaja mama mmoja wa jikoni chuoni, akachutama karibu na turubai, akashusha sauti kama mtu anayeuliza habari za maiti.

"Shikamoo. Mpishi mkuu anakusalimu. Anasema umfungie kilo mbili, za nyumbani kwake. Sio za chuo. Mke wake amekataa kupikia vile vingine. Anasema uzifunge kwenye gazeti, nizipitishe mlango wa nyuma."

"Marahaba. Yeye yuko wapi?"

"Yuko garini, pale nyuma ya kituo cha mafuta. Hataki kuonekana."

"Mwambie ashuke. Aje hapa kwa miguu yake, apange foleni kama watu wengine, na achague mwenyewe mchana kweupe."

Yule mama akainuka, akaondoka polepole. Binti alitazama kushoto, akatazama kulia. Mbele ya turubai hapakuwa na mtu.

"Foleni gani, mama? Tangu asubuhi hujapata mteja hata mmoja."

"Basi atakuwa wa kwanza," Bi Wembe akasema, akavuta mizani karibu.